Kuchemsha Maziwa Oldeani

Hadi naajiriwa kuwa mhudumu wa afya bado niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa hupasuka, hata kama yuko bonde la pili. Nilisoma sekondari kwa madarasa ya jioni, nikafaulu Biolojia, na imani hiyo ikafaulu pamoja nami.

Siku ya kwanza kwenye zahanati moja ya Oldeani, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilifika nimetikiswa na barabara hadi meno ya mbele yamebadilishana nafasi na magego. Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, hakunipa hata pole.

"Unajua virusi vya ukimwi vinauaje?"

"Vinamaliza damu, mkuu."

"Vinabomoa ukuta. Wanaoingia kuua ni wengine: kifua kikuu, kuhara, homa ya mapafu. Na kila mmoja akiingia, virusi navyo vinapata nafasi ya kuzaana. Dawa za kuvifubaza ziko mijini kwa wenye uwezo. Sisi kazi yetu ni kuwazuia hao wengine mlangoni."

Hao ndio magonjwa nyemelezi. Tuliwazuia kwa kidonge cha septrin kila siku, hata mtu akijisikia mzima, kwa kupima makohozi kikohozi kikikawia, na kwa kuchemsha maji na maziwa. Septrin ikiisha tuliandika kuomba nyingine. Tukaletewa mabango.

Mgonjwa wangu alikuwa Paulina, kibarua wa kuchuma kahawa, mjane mwenye watoto wadogo. Septrin alimeza bila kukosa, lakini kuhara kulimrudia kila tukidhani kumekwisha, na kila kulipoondoka kulimwacha mwepesi zaidi.

"Daktari, dawa za mjini zikija zitanikuta?"

Sikuwa daktari. Nikamhesabia vidonge vyake vya mwezi.

Nyumbani alikunywa maji ya mfereji na maziwa mabichi ya ng'ombe wa mama mkwe wake, Bibi Anna. Nikahubiri kuchemsha. Nilihubiri hadi kuku wao wangeweza kuendesha semina. Bibi aliitikia, "Ndiyo, mwanangu," nikirudi, sufuria ni kavu. Nikajua anamwogopea ng'ombe wake, maana ana mmoja tu. Na kwa kuwa hata mimi nilimwogopea, nikifika kwenye maziwa nilishusha sauti.

Nikamwambia Mganga Mfawidhi kwamba tatizo ni mila.

"Umemwuliza?"

"Inajulikana, mkuu."

"Kila kitu kinajulikana, na watu tunawazika. Twende."

Alimwuliza Bibi swali moja tu: kwa nini hachemshi?

"Kuni," alisema Bibi Anna. "Msituni walinzi wanatufukuza. Kamzigo ninakopata kanaivisha ugali, basi. Huyu kijana wako kuongea anajua. Kuuliza hajawahi."

Wakati huo shambani walikuwa wakipogoa kahawa na kuchoma matawi, marundo makubwa kama makanisa. Mkuu akaenda kwa meneja wa shamba, akarudi na ruhusa ya wagonjwa wetu kuyachukua. Tangu hapo sufuria ya Bibi ikawa inatoka mvuke. Kuhara kukakoma, Paulina akarudi kuchuma kahawa, na dawa za kufubaza virusi zilipofika Karatu miaka kadhaa baadaye, alizifuata akiwa amesimama kwenye lori, akibishana na kondakta.

Nimestaafu, nanyi vijana mna vidonge vya kila rangi. Bado nawasikia kwenye semina: "Jamii haina uelewa." Mnanichosha. Nendeni jikoni kwa watu mkaangalie kama kuna kuni.

Lakini hata baada ya matawi yale, kila nilipokwenda kumwona Paulina nilipitia zizini, nikainama kukagua chuchu. Bibi Anna akachoka nami.

"Unatafuta nini huko chini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha juu ya maharage yaliyoanikwa.

"Mwanangu," alisema, "maziwa yakishatoka, ng'ombe hajui yako wapi."