Kondoo wa Awor na Wimbo Mmoja wa Ochwo

Katika ukoo wa marehemu mume wa Awor hakuna mtoto asiyeijua sheria hii: boma lenye kaburi bichi halipigi muziki mpaka majivu ya moto wa matanga yaondolewe. Tenzi za kanisa zina ruhusa. Redio na spika hazina. Avunjaye hutoa kondoo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Awor yu juu ya trela huko Malaba. Amepiga magoti kwenye turubai lililopasuka, sindano ndefu mkononi, uzi wa nailoni mdomoni. Chini yake malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, na madereva wanangoja karatasi zao. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akishona maturubai. Pasuko kubwa humlisha siku mbili. Pasiwe na pasuko, hunywa uji akalala.

Kutoka chumba cha dereva unapanda muziki: magitaa yanayokwaruza, ngoma nzito, na mwanamume anayeimba kama mtu anayebembeleza afunguliwe mlango. Ni Gravel Choir, bendi ya roki ya ng'ambo ya miaka ya tisini, iliyokataa kupiga muziki wa kufuata soko, na soko nalo likaisahau.

"Ongeza sauti, Mangeni," Awor anaita.

"Mama Ochwo, hiyo moja ni mara ya nne leo," dereva anajibu. "Hata wenyewe walioimba walishachoka."

"Wao walianza zamani. Mimi naanza sasa."

Ochwo alikuwa mwanawe wa pekee, na utingo wa Mangeni. Bendi hiyo aliisikia kwenye kibanda cha kuuzia nyimbo mjini Busia, akaomba ajaziwe flashi. Kila lori lilipofika Malaba alimwita mama yake: "Mama, kuja usikie moja tu." Naye Awor, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao Nagongera, alimjibu kila mara, "Nikimaliza hii turubai."

"Turubai haziishi Malaba," anasema sasa, na sindano haisimami.

Mwezi wa pili mwaka huu lori liliharibika kwenye barabara ya Tororo. Ochwo akashuka kutandaza matawi ya kuwaonya wenye magari. Gari lililokuja halikuyaona matawi, wala yeye. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Baada ya mazishi, Mangeni alileta vitu vya marehemu: koti, ndala na flashi. Awor alitaka kujua ni kitu gani kilichomvuta mtoto kuliko uimbaji aliomlea nao. Akapanda ndani ya lori, akaketi mahali pa utingo.

"Mara ya kwanza nilisikia kelele," anasimulia. "Nikauliza, hawa watu jina yao nani? Mangeni akanifasiria, Kwaya ya Kokoto. Nikasema, kama ni kwaya, wana sauti ya pili. Nikaitafuta."

Akaipata. Nyuma ya magitaa, chini kabisa, mwanamke anaimba polepole, asiyesikika kwa mwenye haraka.

"Ndiyo hiyo Ochwo alikuwa anaimbia puani akikunja turubai," anasema. "Miaka yote nilidhani anaimba yangu ya kanisani."

Siku ile hakushuka mpaka flashi ikarudi mwanzo. Tangu hapo hajaiacha bendi hiyo. Kiingereza chake ni haba. Mangeni alimfasiria kwamba katika wimbo aliokuwa akiupenda Ochwo, mtu anaomba taa isizimwe, yu njiani. Awor alijifuta uso kwa kanga, akasema urudiwe.

Majivu ya matanga yataondolewa baada ya mavuno. Awor hataki kungoja. "Mtoto alinisubiri miaka. Nimsubirishe tena mpaka mahindi ikauke?"

Alasiri anafika Nagongera akimvuta kondoo aliyemnunua kwa kazi ya mwezi mzima. Anakwenda moja kwa moja kwa Ofwono, kaka wa marehemu mumewe na mkuu wa ukoo.

"Shemeji, nimeleta faini."

"Faini ya kosa gani?"

"Bado sijakosa. Nakwenda kukosa sasa hivi."

Ofwono anamtazama kondoo, kisha yeye. "Faini haitangulii kosa. Ungeniomba ruhusa."

"Ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi ndiyo sababu sikuomba."

Anamfunga kondoo kwenye nguzo ya zizi, anakwenda kaburini, kando ya mihogo. Anaweka spika ndogo yenye flashi ya Ochwo juu ya udongo ambao mvua haijaushindilia.

"Ochwo," anasema, "turubai imeisha."

Wimbo unaanza. Awor, kitambaa kichwani kama mtu aliye ibadani, anaimba ile sauti ya chini, bila maneno. Katikati sauti inamkatika. Anangoja ubeti, anaingia tena. Ofwono amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Hamkatizi.

Spika inaponyamaza, Awor anaichukua na kuikung'uta udongo.

"Siku ya majivu utazipiga nyimbo zote," Ofwono anasema. "Nitawaambia watu wakae wasikilize."

"Ndiyo ninaomba Mungu anifikishe hapo, shemeji. Leo ni moja. Moja tu ndiyo aliniomba."

Ofwono anavaa kofia yake. Anarudi zizini, anafungua kamba, na kumwongoza kondoo kuelekea kwa wazee wa ukoo.

"Sheria ni sheria, Mama Ochwo," anasema, bila kugeuka.

"Ndiyo, shemeji. Mchukue."