Fundi Aliyeogopa Kukata

Juzi, nikisubiri zamu yangu kwa fundi cherehani pale Munuki, mjini Juba, nilimwona mama mmoja akitandaza gauni lake la kanisani mezani. Mama huyu alikulia Kenya, na tangu arudi Juba hutembea kwa miguu kila asubuhi kutoka mtaa wa Gudele hadi ofisini, boda boda zikimpigia honi bure.

“Mara ya tatu sasa unalipunguza,” alimwambia fundi, “na kila mara unakunja kitambaa ndani. Leo kata!”

Fundi, aliyejifunza kazi Uganda, akatikisa kichwa. “Mama, mimi iko na uzoefu. Amani imekuja, chakula iko. Mwili itarudi, halafu utanililia.”

“Mwaka mzima natembea, mvua na matope. Haurudi. Khalas, basi, kata!”

Mkasi ukalia. Akina mama waliokaa kwenye benchi wakapiga vigelegele kama harusini. Mwenye gauni akaokota kipande kirefu cha kitambaa, akajifunga kichwani, akaondoka kwa madaha.

Fundi akalitazama tumbo lake lililoegemea cherehani. “Mama! Kesho unapita hapa saa ngapi?”

Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe, ndugu, umeleta nini?”

Msinicheke, wasomaji. Nilikuwa nimeleta suruali ya kupanuliwa kiunoni. Nikaificha mgongoni, nikasema nimepita kusalimia tu, nikarudi nayo nyumbani Gurei kwa miguu.