Ukimya wa Gari Kutoka Igawa Hadi Mafinga

Mdogo wangu Neema alijifungua mtoto wake wa kwanza Ilula, anakofundisha, na mama akasema hakuna mtu mwingine atakayemwogesha mtoto yule. Kupanda basi hakutaka kwa sababu ya magoti. Kazi ya kumtoa Mbeya ikaniangukia mimi na kigari changu, ambacho kwa siku kadhaa kilikuwa kinagonga mguu wa mbele kila kikipanda tuta. Nilijiambia ni bushi. Bushi ikiisha inapiga kelele tu, haiui mtu.

Asubuhi tuliiacha Uyole ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Mama alikaa mbele, kushoto kwangu, mkoba mapajani na mkungu wa ndizi nyuma yake. Hatujafika mbali akaanza.

"Kuna kitu kinagonga hapa chini ya miguu yangu."

"Ni bushi, mama."

"Bushi ndiyo nini?"

"Mpira unaokaa kwenye maungio ya chuma, vyuma visigongane."

"Basi umekwisha huo, kama wa goti langu," akasema, kisha akaanza wimbo wa kwaya. Mama akiimba husikii kitu kingine garini, na mimi nilishukuru. Usukani nao ulikuwa unavuta kushoto kidogo, lakini nikailaumu barabara.

Igawa hatukuweza kupita hivihivi. Ukiwa na ndugu Mafinga na ukaonekana unatoka Mbeya, lazima uagizwe mchele wa Usangu, na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ameagiza magunia mawili. Wapakizi walikunja kiti cha nyuma, wakayasukuma magunia mpaka yakaegemea kiti cha mama. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia.

"Litafika hili?" nikawauliza.

"Litafika, dada. Mzigo unalituliza."

Na kweli lilitulia. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kupanda kuelekea Makambako, upepo wa baridi ukiingia dirishani, sikusikia hata mlio mmoja, na mama akaacha kuimba ili asikilize.

"Limepona," akasema. "Nimeliombea tangu Chimala."

Nilicheka, lakini moyoni nilikubali. Nilifurahi mno, nikaanza hata kukanyaga mafuta zaidi kuliko kawaida yangu.

Mchana tulikuwa Mafinga, kwa mama mdogo. Tukashusha magunia, tukala ugali na maharage, tukapewa blanketi la mtoto. Wakati wa kuondoka mama alizunguka gari akitafuta pa kuweka blanketi, akasimama kwenye tairi la mbele, upande wake.

"Hili limeliwa upande wa ndani," akasema. "Kama soli ya kiatu cha baba yako."

Nikachungulia. Ndani tairi lilikuwa jeupe kwa kulika, nje kashata zake, yaani meno ya tairi, zote zipo. Sikutaka kuanza mambo mengine na Iringa bado iko mbele. Nikawasha gari. Kwenye tuta la kwanza, nje tu ya kwa mama mdogo, mguu ukagonga ko! kwa nguvu kuliko asubuhi, na mama akashika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Hapo nikaogopa. Gari halikupona. Mchele ulikuwa umekikandamiza kiungo kilicholegea kisipate nafasi ya kucheza, na sisi tukaufurahia ukimya ule kama wajinga, tena kwa mwendo wa kasi. Nikamwambia mama hatuendi popote.

Gereji haikuwa mbali, tukaenda polepole. Fundi, kijana mwenye kofia ya sufu, alimsalimia mama kwa Kihehe, "Kamwene," mama akaitikia kwa Kinyakyusa, wakaelewana. Akalipiga jeki gari na kuniambia nishike tairi mwenyewe. Nikashika kulia na kushoto, nikatikisa: halikucheza.

"Tairodi, kile chuma cha usukani, ni nzima," akasema. "Sasa shika juu na chini."

Nikashika juu na chini, nikatikisa. Ko.

"Na bushi?" nikamuuliza, bado nikitafuta pa kujificha.

"Bushi zako zimechoka, lakini zinaweza kungoja. Hii ni boljointi."

Akanionyesha: kichwa cha duara cha chuma ndani ya kikombe chake, kama nyonga ya mtu, ndicho kinachoshikilia gurudumu linapokata kona. Mpira wake ulikuwa umepasuka, grisi imetoka, vumbi limeingia na kusaga chuma. Alipofungua nati akaandaa nyundo ya kuking'oa. Nyundo haikuhitajika. Kichwa kilitoka kwenye kikombe kwa vidole viwili.

Fundi akanitazama. "Nani amekaa upande huu?"

"Mama."

Alilaza kiganja chake chini, kuonyesha jinsi gurudumu lingelala kama kichwa kile kingechomoka njiani. Nikamfikiria mama, miguu yake juu ya kile chuma, na malori ya mizigo yanayokuja mbele yetu tangu Uyole. Nikaenda nyuma ya gereji nikalia kidogo, kwa nafuu, jamani, maana mama yangu alikuwa pale kwenye benchi, mzima, anamfundisha fundi namna ya kupika ndizi.

Jioni tuliingia Iringa na boljointi mpya, tukalala Ipogolo. Asubuhi mafundi wa pale wakanipangia matairi yatazame mbele sawasawa, na usukani ukaacha kuvuta. Barabara haikuwa na kosa lolote. Ilula tuliwakuta wauza nyanya wamejipanga kando ya lami, na Neema mlangoni na mtoto begani. Mama aliosha mikono, akampokea, magoti yote amesahau.

Siku ya kurudi, Neema alitaka kunijazia gari matenga ya nyanya na vitunguu. Nilikataa, akanuna. Nikamwacha mama na mjukuu wake, nikaondoka na gari tupu, redio nimezima, madirisha wazi. Igawa wapakizi walinipungia mikono, nikawapungia na kupita. Nilisikiliza kila tuta mpaka Uyole.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama simu.

"Nimefika salama. Haligongi kabisa."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Igawa ulipakia mchele?"

"Sikupakia kitu, mama."

"Haya," akasema. "Sasa nimeamini limepona."