Kahawa Niliyosahau Kuonja

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kujipamba. Siku jirani yangu alipodai kisimani kwamba mume wangu amesogeza mpaka wa shamba, nilimzaba kofi mbele ya watu. Jirani huyo huyo aliyenishika mgongo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza! Ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika. Hakunirudishia. Aliokota ndoo yake akaenda zake, na heri angenipiga.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja akakagua milamula, ile mimea tunayopanda mpakani, akasema haijaguswa. Ya shamba yakaisha. Lakini kofi lilibaki, na hatukusalimiana tena.

Ndipo usharika wetu hapa Bugene ukaanza mafundisho ya amani baada ya ibada. Tulipanga mabenchi duara, watu wazima na wajukuu wao, tukafundishwa kusema "mimi naumia" badala ya "wewe mwizi". Nilicheka, kisha nikaona ninaiga kwa bidii kuliko wote. Mwishowe mwinjilisti akasema kila mmoja wetu amwendee mtu aliyemuumiza.

Sikuweza kwenda mikono mitupu. Nilifunga kahawa ya kutafuna katika jani kavu la mgomba, nikapiga hodi kwake. Alinikaribisha, akanipa kigoda.

"Mimi naumia kwa sababu nilikupiga," nikasema, kama tulivyofundishwa.

"Kumbe uliumia wewe?"

Nikaliacha somo. Nikamwambia nilikosa, anisamehe, nimechoka kupita mlangoni kwake kama mgeni. Macho yake yalilegea, nikaona ananisikia. Nikafungua jani haraka, nikamtilia kahawa kiganjani. Aliitazama, akanitazama, akaiweka mkekani taratibu.

"Nimetoka kula sasa hivi," akasema.

Nilirudi nyumbani sielewi. Nilipomsimulia mume wangu, aliacha kumenya ndizi.

"Wewe ulitafuna kwanza?"

Huku kwetu anayetoa kahawa hutafuna kwanza, mwenzake aone haina sumu. Hata mtoto anajua. Mimi, kwa pupa ya kusamehewa, nilisahau, tena kwa mtu niliyempiga. Nilitaka kurudi mbio nikamweleze, lakini ningeanzia wapi? Mtu anayekimbia kusema hakukusudia kukuwekea sumu, wewe utamwaminije? Nilimsimulia mwinjilisti, na aliponiambia, "Mpe muda, mama," nilimkasirikia hata yeye.

Jumapili iliyofuata, kwenye duara letu, nilizungumza juu ya kuaminiana mpaka akina mama wakanipigia makofi. Nilitamani jirani yangu angekuwepo anisikie, ila yeye husali kwingine.

Mchana wa siku hiyo hiyo akaja kwangu. Alikaa, akauliza habari za watoto, akafungua fundo la kitenge chake. Akanitilia kahawa kiganjani, punje tatu. Yeye hakutafuna.

Nilingoja. Amesahau, kama mimi? Ananipima? Au amekuja kulipiza? Nilimtafuta usoni nisione kitu. Niliuambia mkono wangu uende mdomoni, ukagoma. Maneno yote mazuri niliyosema asubuhi yalikuwa bado yananizunguka kichwani, na mkono umegoma.

"Umeona?" akaniuliza, kwa sauti ya chini, bila hasira.

Nikazitupa zote mdomoni, nikatafuna kwa nguvu ili asikie. Zilikuwa chungu kama kahawa yoyote. Naye akatoa punje zake, akaanza kutafuna, akitazama nje kwenye migomba.

"Na mimi siku ile nilikungoja hivyo hivyo utafune," akasema. "Ulipoondoka nikalia."

Tukaendelea kutafuna. Nilitaka kumwomba radhi tena, lakini sikujua nianze na kofi, na kahawa ile, au na mkono wangu uliogoma mbele ya macho yake.