Pua za Maboksi

Mgeni wetu alikuwa fundi wa miwani. Alikuja Songea kwa miezi mitatu kupima macho ya watu, akapanga chumba cha uani kwa bibi yangu, mtaa wa Msamala. Mwanamke wa miaka sitini hivi, Mzungu, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimekaa nchini miaka mingi kuliko mimi. Kila asubuhi alimwamkia bibi, "Shikamoo mama," na bibi akaitikia kama anayepokea zawadi.

Bibi alimpenda kwa sababu ya dini. Kila Ijumaa jua likizama, mgeni aliwasha mishumaa miwili dirishani, umeme uwepo usiwepo. Bibi akasema ni novena. Kitimoto, nyama ya nguruwe, hakugusa, bibi akasema ni nadhiri. Juma Kuu lilipofika, akakataa mkate, chapati na maandazi, akawa anakula viazi na mayai tu. Hapo bibi alishindwa kuvumilia. Alisimama kwenye jumuiya akawaambia wenzake, "Nyie mnafunga soda! Mwanangu kule nyumbani amefunga mkate!"

Mwaka huo vijana wa parokia walinipa kazi ya kuandika igizo la Ijumaa Kuu. Mimi ndiye mwandishi wao. Nimetoa kitabu kimoja, nao wanaamini najua kila kitu. Niliandika kwa moto. Nilijipa nafasi ya Pilato, kwa kuwa Pilato ana maneno mazuri. Kundi la Wayahudi niliwatengenezea ndevu za katani, na pua. Pua ndefu, zilizopinda, za maboksi ya sabuni, zenye uzi wa kufungia kisogoni. Nilikata ishirini. Nilijivunia zile pua.

Jumatano jioni nilikuwa nimezitandaza kwenye mkeka uani, gundi ikauke. Mgeni akarudi kazini, akachutama, akaokota moja.

"Hii ni nini?"

"Pua ya Myahudi."

Akaigeuza geuza. Kisha akaiweka usoni pake, akanitazama.

"Mbona haifanani na yangu?"

Nikacheka. "Kwani ifanane na yako kwa nini?"

"Mimi ni Myahudi."

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Acha utani," alisema. "Wayahudi wale wa Pilato?"

"Wale wale, mama."

"Kumbe bado wapo?"

"Tumebaki wachache. Lakini tupo."

"Na mkate?"

"Ni Pasaka yetu, hatuli."

"Na mishumaa?"

"Ya Sabato."

"Basi wewe ni Msabato!" Bibi akashusha pumzi kwa furaha, kama aliyepata njia ya kutokea. Mgeni alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa na gundi vidoleni. Miaka yangu yote Myahudi alikuwa mtu wa kitabuni, wa zamani, wa kuzomewa mara moja kwa mwaka. Haikuwahi kunijia kwamba anaweza kukopa chumvi kwetu.

Nilimwuliza kama nimemkosea. Alisimulia kuhusu bibi yake, huko kwenye nchi ya baridi alikozaliwa. Ijumaa Kuu, watu wa nyumba yao walisukuma kabati mlangoni, watoto wakalala chini ya kitanda mchana kweupe. Watu wakimaliza kutazama igizo kanisani, walipitia mtaa wao na mawe.

"Aliyevunja dirisha lao alikuwa muuza maziwa wao," alisema. "Bibi alimwona usoni. Kesho yake yule yule akaleta maziwa kama kawaida, akauliza kwa nini dirisha lina gunia."

"Akajibiwaje?"

"Bibi alisema ni upepo. Walihitaji maziwa."

Akairudisha pua mkekani, taratibu, mahali pake.

"Ijumaa usije," nilimwambia.

"Mama amenialika. Nitakuja naye."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa katekista aliyesimamia igizo, na zile pua kwenye mfuko wa rambo, nikamwomba tuziache. Na zile kelele za umati, za kudai Yesu auawe, tuzifute. Askari wa Kirumi watatosha.

"Sasa nani atamhukumu?" katekista alisema. "Mbuzi?"

"Pilato. Mimi. Peke yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa pilau isiyo na nyama. "Haya, mwandishi. Ila watu watasema umepunguza Ijumaa."

Nikatoka nikiwa mwepesi. Niliamini kwamba kwa kuwa nimefuta mistari mitatu, mgeni wetu atasimama salama kwenye kiwanja chetu.

Siku yenyewe kulikuwa na mawingu na ubaridi. Watu walijaa mpaka barabarani. Nikapanda jukwaani na shuka jekundu begani, askari wakamleta Yesu, nami nikauliza nimfanye nini. Kwenye maandishi mapya palifuata ngoma tu.

Mpigaji akanyanyua mikono. Kabla ngoma haijalia, sauti moja ikatoka chini, mstari wa mbele.

"Msalabani!"

Ilikuwa sauti ya bibi yangu.

Halafu wote. Wamama wa jumuiya, watoto, wazee, mamia ya watu ambao hakuna aliyewapa maandishi, wala hawakuyahitaji. "Msalabani! Msalabani!" Bibi alilia machozi ya kweli, kwa uchungu wa Yesu wake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika mkono wa mgeni, akiunyanyua juu pamoja na wake kila alipopaza sauti. Mgeni hakuuvuta. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

Bibi akamgeukia. Nilimsoma midomo. "Unatetemeka, mwanangu? Baridi?" Akavua kanga begani, akamfunika, akaibana vizuri shingoni. Kisha akageukia jukwaa, akapaza tena.

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa juu, wote walinitazama mimi.

Askari akaniletea beseni. "Nawa," katekista alinong'ona nyuma ya pazia. "We! Nawa, watu wanasubiri!"

Nikanawa.