Mama Kioo Asimamisha Lori

Saa tatu asubuhi, Mama Kioo anasugua kipande cha alumini kwenye msasa wenye maji. Anakigeuza, anasugua tena, mpaka anaiona pua yake humo. Ndiyo asili ya jina lake hapa kiwandani.

Nje, lori limeshafungwa turubai. Limebeba fito za kutengenezea ngazi. Dereva ni mume wa mdogo wake.

"Shemeji, niondoke?"

"Nenda zako! Nimezipima mwenyewe. Hata tembo apande."

Alumini hupashwa moto na kusukumwa kwenye tundu la kalibu, itoke ufito. Ndani imejaa chembe. Zikiwa ndogo na kubanana, ufito hupinda bila kupasuka. Zikinenepa ukingoni, hufanya nyufa. Huzioni mpaka kipande kisuguliwe, kisha kichovywe kwenye dawa kali, ile iliyomgeuza Mama Kioo rangi ya kucha.

Mkata fito anachungulia. "Umepima kichwa, mama. Na mkia?"

Kichwa hutoka kwanza kwenye kalibu. Mkia hutoka mwisho, na chembe nene hupenda kujificha huko.

"Mkia wa nini? Kazi ni ile ile ya jana," anajibu. Lakini anakipokea kipande cha mkia. Anasugua, anachovya, anasuuza.

Pete inajitokeza ukingoni, chembe pana kama magamba ya samaki.

Anatoka mbio, aproni ikichuruzika maji. Lori liko getini.

"Mama Kioo, umesahau kumpa shemeji chai?" wapakiaji wanamtania.

"Shusha," anamwambia dereva.

"Na tembo je?"

Kicheko kinapasuka. Mama Kioo anatazama viatu vyake.

"Nimepima upande mmoja tu. Shusha, baba, nakuomba."

Baadaye, fito zikirudishwa kuyeyushwa, anamwambia mkata fito kwa sauti ya chini.

"Kichwa kilikuwa karibu na mlango wangu. Nilichoka kuufuata mkia kule mbali. Ndiyo sababu, sina nyingine. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikamfikiria mtu juu ya ngazi, ndoo ya rangi mkononi."

Msimamizi hakumfokea. "Bora angenifokea," anasema.

Jumapili anakula kwa mdogo wake. Anajua utani wa tembo utakuwa umemtangulia mezani.

Sasa anaomba meza yake ihamishiwe upande wa mkia, penye kelele za msumeno.

"Najijua. Kesho nitachoka tena," anasema, akifuta mikono. "Meza ikiwa kule, hata nikichoka nitapima mkia."