Jina Alilolichagua Mtoto

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa chini ya vilima vya Osukuru, kule Tororo, wakati Mwingereza bado anatutoza kodi ya kichwa, mtoto alionjeshwa pombe kabla hajafungua macho vizuri. Msicheke, vijana. Nanyi mngeonjeshwa, pengine mngekuwa na adabu.

Nilikuwa darasa la tatu mwalimu wetu wa misheni, mwenye Kiswahili kitamu cha pwani, alipotufundisha neno urithi. Akasema asili yake ni Kiarabu, lilipanda huku na misafara ya biashara, na maana yake ni mali anayoacha marehemu. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamweleza bibi mzaa baba huku akikoroga uji wa wimbi.

"Hiyo mwalimu yako najua ng'ombe tu," akasema. "Ng'ombe nakufa. Jina je?"

Bibi alikuwa na lake moyoni. Dada yake Apolot, mwanamke mgomvi aliyewahi kumfukuza karani wa kodi kwa mwiko, alikufa bila kuzaa. Nyumbani tulikuwa na kichanga, mdogo wangu wa kike. Kwetu Wateso mtoto alirithishwa jina la marehemu: kidole kinachovywa kwenye pombe ya wimbi, kinatiwa mdomoni mwake, jina linatajwa. Akinyonya, amelikubali. Asingepewa huyu jina la Apolot, lingepotea kabisa, na bibi alikosa usingizi kwa hilo.

Baba hakutaka kulisikia. "Hapana! Hiyo mama alisumbua dunia yote. Mimi nataka amani."

Siku ya kumwonjesha mtoto, akachovya kidole, akamtaja marehemu shangazi yake mcha Mungu. Mtoto akatema. Akamtaja mwingine, mpole zaidi, mtoto akalia hadi kuku wakakimbia. Ndipo bibi akasogea, akachovya kidole chake, akasema, "Apolot." Mtoto akanyonya kama ndama. Jirani akadai ameona asali kwenye ukucha wa bibi. Bibi akaapa kwa Biblia, kisha akakilamba kidole upesi.

Apolot wetu alikua mgomvi vilevile, nami nilimpenda kuliko ndugu zangu wote. Akifoka, bibi alimwita "dada yangu" na kucheka mpaka machozi.

Leo wajukuu wangu wakisikia urithi, masikio yanasimama, wanadhani nagawa viwanja. Watoto wao wanapewa majina ya wacheza mpira wasiojua Tororo iko wapi. Apolot tulimzika mwaka jana, naye hakuzaa. Juzi nililetewa kitukuu wa kike, nikauliza kwa upole kama anaweza kuitwa Apolot.

Wakaniambia cheti cha kuzaliwa kimeshatoka.